Meza, Kopo, Leso

Kijitabu cha safari kinasema siku mbili zatosha:
ngazi za sanamu kule rasini, soko la vitambaa,
samaki wa mkaa ufukweni, jua likizama, basi.
Olandina alikisoma, akakifanya upepeo.
"Panda," akasema, na gari la mpwa wake
likaanza kuikohoa milima ya Timor,
mlango mmoja umefungwa kwa waya.

Barabara ina mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.
Kahawa imeanikwa kwenye turubai ukingoni mwa lami,
kuku wanaipitia kama wakaguzi.
Malae! Malae! watoto wanapiga kelele,
yaani mgeni, na mimi nawapungia,
mimi niliyekulia kwetu
nikiwapigia wengine kelele hizo hizo.

Nyumba ya kwanza isiyo na paa sikuiuliza.
Ya pili nikaiuliza. Ya tisa nikaacha.
Kuta nyeusi zimesimama, mpapai umeota sebuleni,
unachungulia dirishani kama mwenye nyumba.
"Sisi tulipiga kura," akasema Olandina,
"wao wakapiga kiberiti."
Kisha akanionyesha maporomoko ya maji,
maana hayo nayo yamo kwenye kijitabu.

Mchana tulikula kwake, mahindi na maboga.
Akagonga ubao mbele yangu: meza.
Nikaruka. Meza!
Akainua kikombe: kopu. Nikasema kopo.
Akajifuta jasho: lensu.
Leso, nikasema, na mpwa wake Anacleto
akacheka mpaka boga likampalia.
Wareno wale wale, merikebu zile zile:
walipita kwetu wakaacha meza,
wakaja huku wakaacha meza.
Chakula kilichokuwa juu yake
hakuna anayesema kilikwenda wapi.

Jioni jioni tukapanda hadi penye jengo jeupe,
kengele yake imening'inizwa kwa kamba ya nailoni.
"Igreja," akasema, akafanya ishara ya msalaba.
Nikasita mlangoni.
Kwetu neno hilo lilipotua lilivaa nondo:
gereza.
Nikamweleza polepole, kwa haya,
kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima
kikiwa na ufa.

Hakucheka. Aliketi benchi la nne kutoka nyuma,
akapapasa ubao, kidole kikitafuta kitu
kilichokwisha kupigwa randa.
"Siku kumi na moja," akasema, "watu mia tatu humu.
Mlango tuliukomea sisi kwa ndani
na wao kwa nje.
Dada yangu Felismina alijifungulia pale,
chini ya ile picha ya mwanamke anayemfuta Yesu uso.
Maji hayakuwapo. Tulimviringisha mtoto
kwa leso tatu zilizoungwa."

Akanyamaza. Popo mmoja alizunguka darini.
"Nyinyi mko sawa," akasema. "Na sisi tuko sawa."
Akasimama, akakung'uta sketi.

Lile jua la kwenye kijitabu lilizama bila mimi.
Nje honi ililia mara mbili, halafu ndefu:
Anacleto ana njaa tena.