Matofali Manne

Asheri Tweve alianguka na pikipiki kona ya Tandala,
gunia la viazi likamfuata mgongoni,
paja likavunjika kama muwa.
Tukamlaza wodi namba mbili, kichwa dirishani,
kamba mguuni, kamba ikapita kwenye roda,
mwisho wake ndoo ya mchanga, kilo saba.
Miguu ya kitanda, ya upande wa nyayo,
tukaipandisha juu ya matofali ya kuchoma,
mawili huku, mawili huku,
mwili uvutane na mchanga.
Kichwa chini, miguu juu. Wiki sita.

Usiku wa zamu nikapima mwinamo kwa rula na uzi:
nyuzi sita kasoro kidogo.
Nikacheka peke yangu.
Sista Ndelwa akanitazama, akarudi kwenye sindano zake.

Ningemwambiaje?
Kwamba ng'ambo huko watu wazima, wazima kabisa,
hulipwa walale hivihivi, nyuzi sita,
wale wamelala, waoge wamelala,
ili ijulikane anga za juu humfanya nini binadamu.
Damu hupanda usoni. Shavu la mguu hunywea.
Mfupa usiobebeshwa kitu hujila,
chokaa ikatoka na mkojo, chembe kwa chembe.

Mwaka wa nne chuoni tuliulizwa tunataka ubingwa gani.
Moyo, wakasema wenzangu. Watoto. Macho.
Mimi nikasema tiba ya anga za juu,
darasa likaangua kicheko hadi mhadhiri akavua miwani.
Kwa kuwa kwetu ni Mbozi, wakaniita Kimondo.
Jina likaganda;
hata kadi za harusi huniandika hivyo.

Kila Jumapili, kengele ya ibada ikinyamaza,
nilimpima Asheri kwa futi ya fundi cherehani.
Thelathini na nne.
Thelathini na mbili na nusu.
Thelathini na moja.
"Dokta, unanishonea suruali?"
Nikaandika kwenye daftari. Pembeni ya jina lake,
kwa penseli, neno moja: mwanaanga.
Nikalifuta. Alama ikabaki.

Umeme ulipokatika Julai ile, baridi ikiuma hadi kwenye meno,
wengine walijifunika gubigubi.
Yeye, kichwa chini, aliziona nyota bila kuinua shingo.
"Sioni kama natazama juu," aliniambia.
"Naona kama naning'inia."
Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani
na sikumjibu. Miaka tisa nasoma habari hizo
kwenye simu yenye kioo kilichopasuka,
na hakuna aliyewahi kunieleza vizuri vile.

Siku ya arobaini na tatu tukaiondoa ndoo.
Magongo makwapani. Akasimama,
uso ukageuka majivu, jasho, magoti yakalegea;
mimi na Sista tukamdaka.
Damu ilikuwa imesahau njia ya kupanda.
Ndivyo wanavyobebwa kwa viti
wale wanaorudi kutoka huko juu.

"Dunia imeongezwa uzito?" akauliza, macho yamefumba.
Mama yake, akifunga kanga yenye chupa ya uji:
"Dunia ni ileile. Viazi havijachimbwa."

Jioni niliyarudisha matofali stoo mwenyewe,
mawili, kisha mawili.
Mazito, ya baridi, yenye vumbi jekundu.
Yale ya mwisho
sikuyatua upesi.