Misumari ya Kiwandani

Ukuta wetu haupokei msumari mpya.
Ni matumbawe na chokaa, babu wa babu aliukandika;
ukigonga, unakohoa vumbi jeupe
na kukutemea msumari wako mkononi
kama mtoto aliyeshiba.

Kwa hiyo taa zangu nimezipitisha
kwenye misumari iliyokuwapo.
Mita kumi na tano, balbu ishirini na nne,
kutoka duka la Shekue, Langoni:
"Lipa nusu. Nusu ya pili ukiziona zawaka."
Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa,
maana ngazi aliiazima Famau tangu Rajabu
na kumkumbusha ni kumtukana.

Msumari wa kwanza, kando ya mlango wa jikoni,
ni wa mbuzi wa Idi.
Una kutu ya mvua au ya damu, sikuchunguza.
Nikauzungushia waya mara mbili.

Wa pili ulishika kioo cha baba cha kunyolea.
Alijinyoa nje, shavu kalielekeza kwenye jua,
akisema nyumba ya kati ni mahali pa kuoshewa maiti.
Na humo akaja akaoshewa.

Wa tatu, kamba ya nguo.

Wa nne na wa tano, hiyo ni yangu.
Ilipigwa mwaka ule, turubai likatandwa,
wanawake wakakesha chini yake na hina mbichi mikononi,
nami katikati, macho chini, kama nilivyofunzwa.
Miaka sita baadaye nikarudi
na sanduku moja na feni ya mezani.
Misumari ilikuwa pale pale, haikuniuliza kitu.
Majirani ndio waliouliza.

Kati ya hiyo miwili ni mbali mno.
Waya ukalegea, ukashusha tumbo,
balbu tatu zikaning'inia usawa wa paji la uso.
Nikavuta. Nikavuta tena. Ukuta ukakohoa.
Nikauacha. Apitaye hapo na ainame;
si kila kitu lazima kikazwe.

Mama yuko mkekani achambua mchele,
ahesabu tokeni za stima, si balbu.
"Hizo zala yunti ngapi kwa usiku?"
"Kidogo, mama. Hazifikii friji."
"Friji yatunza samaki. Hizo zatunza nini?"
Sikuwa na jibu. Nikachomeka plagi.

Haya, zikawaka.
Si nyeupe kama zilivyokuwa dukani:
rangi ya samli inapoanza kuyeyuka.
Ukuta tuliozoea kuuona mchana tu
ukafunua mashimo yake yote,
kila tumbawe na kijitundu chake,
na paka aliyekuwa ukingoni
akashtuka kujikuta ana vivuli vinne.
Ya kumi na moja imekataa.
Ya kumi na saba yakonyeza, haina adabu.

Hatujafikisha tonge ya pili, mlango ukabishwa.
"Hodi! Twaona nuru juu ya ukuta.
Hini arusi ya nani? Nani aolewa?"
Bi Mwanaate, sahani tupu mkononi, tayari,
nyuma yake wajukuu wawili,
nyuma yao kijana wa mikate ya mofa
ambaye hakuna aliyemwita.
Nikahisi uso wangu ukiwaka kuliko zile balbu,
na nuru yote ile, nilijificha wapi?

Mama hakuinuka. Hakupandisha sauti.
"Hakuna aolewaye. Twala wali na pweza wa nazi.
Mwanangu ametaka auone wali anaoula."
Akasogeza sinia, akapiga mkeka kwa kiganja.
"Ndoo, keti. Ila hapo, inama."

Na Bi Mwanaate,
ambaye mtaa mzima hajapata kumwinamia mtu,
akashika mtandio wake,
akainama.