Desibeli Tatu

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe.
"Ongeza nguvu, fundi," asema Bi Mkwizu,
"mpaka mwisho. Nimelipia."

Nachungulia hewa kwenye simu yangu:
ruta thelathini na nne, chaneli ya sita zote,
zote zimejaza koo,
kama wauza vitenge pale chini,
kila mmoja na spika yake.
Nani amsikie nani?

Namweleza: chombo hiki kikipaza, simu itakisikia,
lakini simu ikijibu kwa kunong'ona
chenyewe hakisikii.
Ananitazama kama mtu anayeibiwa.

Nahamia ya kumi na moja.
Nabana upana, megahezi ishirini tu.
Nguvu naishusha, toka ishirini na tatu hadi kumi na nne.
Hifadhi.
Taa inazimika. Tunangoja, mimi na yeye na feni.
Inawaka.
Ankara zake zinapanda bila kukwama;
anaguna, mguno wa kuridhika, ananihesabia noti.

Kwenye kona ya ngazi, ghorofa ya pili,
kijana wa sare ya shule, daftari gotini,
ameinua simu kama anayekinga mvua.
"Imekata," asema, si kwangu, kwa ukuta.
Ukurasa wa fizikia umefunguka nusu:
mchoro wa wimbi, hauna mkia.
Nywila alipewa na nani, sikuuliza.

Napanda tena. "Nimesahau bisibisi."
Kumi na nne. Kumi na saba.
Hifadhi.

Desibeli tatu:
kwenye kioo ni kidogo, haijazi kiganja;
hewani ni mara mbili.