Salfa Ndani ya Feni

Mwezi wa salfa Newala nzima inapiga chafya.
Bandani kwangu, nyuma ya soko, mlango hauzibi,
jero mechi moja, aliyefungwa anampisha mwenzake,
na Luku imebaki yuniti tatu.

Fakihi kashuka na basi kutoka Dar.
Hajanawa uso, keshaanza:
"Mashine mpya imetoka. Tera kumi na kitu.
Nyasi unaziona moja moja.
Jasho la mchezaji linateremka, linapita nyuma ya sikio,
kivuli kinamfuata kama deni."

"Tera ndiyo nini?"
Mpelembe huyo, mbeba magunia wa ghala la chama.

Fakihi akatazama dari.
"Ni nguvu."
"Nguvu kiasi gani?"
"Kiasi cha... tera."

"Mimi gunia langu kilo themanini,
nalibeba peke yangu mpaka juu ya lori.
Hiyo tera inabebwa na wangapi?"

Likapa hakucheka. Likapa ni mtu wa mashine ya zamani,
anaitetea kama shemeji aliyeoa kwao.
"Goli ni goli," akasema.
"Nyasi unazihesabu za nini, kwani wewe mbuzi?"

"Hii yenu inapakia mpaka mtu anakwenda kuswali,
anarudi, kiduara bado kinazunguka!"

"Basi hiyo ndiyo nguvu yake.
Kabla ya mashine hii
nani humu alikuwa anaswali?"

Hapo hata Fakihi alicheka, lakini hakukubali.
Akatoa simu, kioo kina ufa,
akatuonesha video: mvua inanyesha juu ya lami,
taa za magari zimelala ndani ya dimbwi.
Tukainamia wote, vichwa vitano juu ya kiganja kimoja.
Likapa naye aliinama. Nilimwona.

Kisha wakaanza kuinunua.

Likapa akatoa mikorosho kumi na miwili,
urithi wa babu yake, upande wa Kitangari.
Mpelembe akatoa ujira wa msimu mzima.
Fakihi akatoa bei ya mnada
ambao mnada wenyewe haujatangazwa.
Kufika alasiri tulikuwa na mashine tatu mpya
na kioo cha inchi hamsini na tano,
na huko shambani hakuna hata ua.

Mimi nashika daftari.
Likapa: mechi tisa, hajalipa.
Nikageuza ukurasa, nisimharibie.

Somoe alikuwa mlangoni na ndoo yake ya ming'oko,
chumvi na pilipili kwenye kikopo.
Juzi aliwafunga wote watatu, mmoja mmoja,
kisha akarudi kuuza.
Siku ile alisema neno moja tu tangu asubuhi:
"Inaungua."

Tukanyamaza. Feni ilikuwa inanguruma
kama pampu ya kupulizia mikorosho,
halafu ikakohoa, halafu basi.
Kioo kikawa cheusi tii.
Ndani yake tukajiona, watu watano, wazi kabisa,
na jasho linateremka,
linapita nyuma ya sikio.

Bisibisi ninayo. Nikafungua.
Salfa imeganda humo, ya manjano, nene,
kama mashine nayo ni mti na mtu alikuja kuupulizia.
Mchwa wawili, wakavu.
Na sarafu ya shilingi mia mbili,
ya mtoto gani, ya mwaka gani, hakuna ajuaye.

Somoe akaomba brashi ya rangi.
Akapangusa taratibu, pua kaifunga kwa khanga,
akapuliza, akaniambia nirudishe.

Ikawaka.
Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Ile mpya feni yake," akaanza Fakihi,
"haina hata mlio."
"Isubiri salfa kwanza," akasema Likapa,
na mjadala ukarudi mwanzo.

Somoe aliondoka na ile mia mbili, ujira wa ufundi.
Nikaiandika kwenye matumizi.
Nilipoinua kichwa
kiduara bado kinazunguka.