Sifuri

Kikombe kilikuwa na kifuniko cha manjano
na jina langu juu yake, limekosewa:
Khalfani bin Zahrani. Mimi ni bin Zahori.
Sikusahihisha. Nilitamani awe mwingine.

Miaka sita aliyepimwa ni Shinuna.
Alipigwa picha za tumbo, akamezeshwa vidonge,
akafukizwa, akanyweshwa kombe la zafarani
mpaka ulimi ukageuka rangi;
na mama kila Ijumaa akimtazama kiuno
kama mtu anayetazama saa.
Mimi nilikaa nje, nikinywa kahawa.
Neno mgumba likitajwa
macho ya watu yaliijua njia: kwake.

Maabara ya Khuwairi walitafuta mara mbili.
Walizungusha kwenye mashine,
wakalichungulia hata tone la chini kabisa.
Daktari, Msudani, sauti ya chini,
akaandika jibu kwa mkono wake, kwa tarakimu za huku.
Na huku sifuri si duara.
Ni nukta.
Nikafurahi, kwa kitambo cha kupepesa jicho:
nilidhani amenichorea mbegu.

"Kwenu Ibra kuna falaji?"
Lipo. Babu ndiye aliyekuwa akigawa zamu za maji.
"Basi unajua. Maji yasipofika shambani
ama mfereji umeziba, ama chemchemi imekauka.
Kuziba, aghlabu tunazibua."

Damu ikasema: chemchemi.
Ubongo unapiga hodi,
homoni imepanda mara nne ya kawaida,
hodi, hodi,
na ndani hakuna wa kusema karibu.
Wakanihesabia na kromosomu: arubaini na sita,
hazikupungua, hazikuzidi.
"Utotoni uliugua matubwitubwi?"

Si utotoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Mashavu kama maandazi, bibi akanipaka masizi ya chungu,
na siku ya sita uvimbe ukashuka
kule kusikotajwa.
Nilitembea nimetanua miguu.
Nikasema nimeanguka baiskeli.
Nani angemwambia bibi yake jambo kama lile?
Homa ikaondoka baada ya wiki.
Nilidhani imeondoka mikono mitupu.

Mimi si hanithi. Nalisema hapa
kwa sababu Yarubu, rafiki yangu wa Sibu,
nilipomdokezea tu alinipa jina la sindano
ya kuongeza uanaume.
Daktari aliikata kwa kalamu, mistari miwili:
"Hiyo ndiyo itakayofunga hata kilichobaki."
Kama kimebaki. Watapasua, watachungulia kwa darubini
uzi kwa uzi, saa tano au sita,
wakitafuta kijito kimoja ambacho homa ilikisahau.
Wapo wanaopatiwa.
Nilimwomba aseme wangapi. Akasema:
"Karibu nusu. Lakini wewe huwezi kuwa nusu."

Siku ya Idi shuwa ilitolewa shimoni, sinia likajaa.
Mama akaanza, kwa upole wake ule unaokata:
kuna binti Samaili, ana adabu, kwao wanazaa,
sharia imeruhusu, na Shinuna ni mwelewa.
Shinuna alikuwa akichambua iliki kwenye wali,
moja moja, anazipanga ukingoni.

"Ni mimi, mama."
Hakusikia, au hakutaka.
"Aliyekosa ni mimi. Tangu yale matubwitubwi.
Yeye hana kitu. Hajawahi kuwa na kitu."

Feni ilizunguka.
Mama hakunitazama.
Aliuchukua ule mnofu wa mbavuni,
ambao tangu nina meno huwekwa upande wangu,
akausogeza kwa vidole vitatu
mpaka mbele ya Shinuna.
Kisha akauliza nani amezidisha chumvi.

Upasuaji ni Jumapili, saa moja asubuhi, tumbo tupu.
Shinuna ndiye atakayeendesha gari.
Safari hii yeye atakaa nje.
Nimemwambia anywe kahawa.