Sukari ya Alhamisi

Gliwice, Alhamisi ya maandazi.
Mji mzima uko foleni kwenye theluji
kwa maandazi yenye jamu ya waridi;
Bogumiła, aliyeyakaanga miaka thelathini na minne,
hajatia kitu kinywani tangu jana.

Sukari yake imeletwa katika kisanduku cha risasi.
Imepikwa alfajiri; nusu yake hufa
kabla saa mbili hazijatimia.
Kijana Zbyszko anaisukuma mshipani upesi,
kama anayeepua kikaango.
“Sasa tulia. Usiongee. Hata vidole.
Kiungo kinachofanya kazi kitaila.”

Mikono inakumbuka unga.
Anaikalia.

Dukani, ufa wa sisimizi
hatukuutafuta kwa tochi:
tulimwaga sukari kidogo sakafuni,
tukaufuata mstari wao.

Kisha ile pete nyeupe, baridi.
Ubongo unawaka. Moyo. Kibofu kinang’aa
kama taa iliyosahauliwa jikoni,
na hapo, chini ya kwapa la kushoto,
punje ya dengu, yenye uroho.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kimeshapita nguo.

Jioni haruhusiwi kumpakata mjukuu.
Anamwachia andazi mezani,
anakaa ng’ambo ya chumba,
anamtazama akilamba vidole.