Ukurasa wa Mwisho Ulifungia Viazi

Kabla ya chai nafungua kanda.
Skrubu tano, bisibisi ya fundi wa saa,
pamba, spiriti, na pumzi nimeizuia
kama mtu anayebandua bendeji kidondani.
Hewa ya Malindi haina adabu na picha za kale:
huotesha ndevu nyeupe juu ya utepe,
na mle ndani kuna mwanamke anapiga yowe
tangu mwaka wa themanini na moja.
Hajapumzika. Sitaki apumzike.

Mama hupita na ufagio. "Maiti wako hawajambo?"
"Hawajambo. Mmoja ameingia maji."

Hapa Shela wananiita Bi Mizuka.
Sikasiriki. Filamu tatu nimetengeneza,
zote kwa damu ya ubuyu na ute wa bamia,
na ya tatu mwenye ukumbi aliwasha taa
kabla haijaisha, akasema umeme una hitilafu.

Wazee wa Kitaliano wakirudi kwao, au kwa Mola,
huacha vitabu vya jalada la manjano.
Ngowa huniuzia kwa kilo, nyuma ya soko.
Kitaliano changu ni salamu na bei,
basi nasoma majalada: glavu nyeusi, ngazi,
kisu kinachong'aa kuliko kazi yake.
Nafungua katikati, nanusa:
dawa ya nondo, tumbaku, mvua ya nchi nyingine.
Kuna mshenzi aliyeandika kwa penseli, ukurasa wa tisa,
jina la muuaji.
Sijamsamehe.

Lakini nikwambie la mwezi wa Agosti.
Kadzo wa viazi karai, karibu na kituo cha petroli,
alinifungia vya hamsini kwa karatasi ya kahawia.
Ukwaju ukamwagika. Nikaupangusa, nikasoma:
*wala kivuli chake hakikuinuka naye.*
Kiazi kikabaki mdomoni, cha moto, sikukimeza.
Kiswahili cha zamani, herufi za risasi,
*k* moja imelala kifudifudi.
Ukurasa wa themanini na saba;
na mafuta yalikuwa yameilainisha karatasi ikawa kioo,
themanini na nane ikichungulia kwa nyuma,
maneno yakitembea kinyume ndani ya maneno.
Miaka kumi natafuta namna ya kumpiga picha mzuka.
Kumbe ni mafuta ya kupikia.

Nilitaka kukinunua chote. Kadzo akakataa:
"Ukimaliza kitabu utaacha viazi."
Jalada halipo, mwandishi hajulikani,
kilitoka kabati la shangazi yake marehemu.
Tangu hapo nala karai kama mja mzito.
"Leo nina mia na mbili," huniita kwa mbali.
"Ina damu?"
"Ina pilipili."
Nimenenepa kurasa hamsini na tatu.
Nazianika kwenye kamba, kati ya kanga za mama,
na jua la saa nne likizipita
ukuta mzima unasomeka, juu chini.

Wa mwisho haukunifikia.
Ulimfungia Tsofa, bawabu wa zamu ya usiku
katika hoteli iliyofungwa ambayo bado inalindwa.
Nilimkuta langoni, redio sikioni.
"Karatasi? Nilijifutia mikono, dada."
"Hukusoma hata kidogo?"
"Kidogo. Kulikuwa na mtu anabisha mlango."
"Halafu?"
"Halafu mafuta."
"Alikuwa anabisha kutoka nje?"
Tsofa akazima tochi ili afikiri vizuri.
Nyuma yake madirisha arubaini, hakuna hata pazia.
"La," akasema. "Sasa unavyoniuliza…
alikuwa ndani."

Nikamnunulia soda mbili.
Nikarudi nyumbani nikipiga mbinja usiku ule,
jambo ambalo mama alinikataza tangu utotoni
na hakuwahi kuniambia ni nani angeitika.